Kobe Kwenye Kigeti cha Mama Shaibu

Kabla hujagusa tepu, piga magoti. Nasema na wewe kijana unayeshika randa leo, na wewe wa kuchomelea pia, usidhani umepona kwa sababu kazi yako ni chuma. Ukiitwa kwenye nyumba yenye ngazi na mtoto mdogo, vua viatu, weka kofia pembeni, tambaa kutoka sebuleni mpaka kwenye ngazi kama anavyotambaa mwenyewe. Watu watakucheka. Mimi nimechekwa Masasi nzima, na nimezeeka vizuri tu.

Naitwa Fundi Bakari. Nimezaliwa Chilangala, huko juu Newala, nikafanya useremala Masasi mjini miaka mingi kuliko umri wa wengi wenu. Sasa nimestaafu, maana yake magoti yalistaafu kwanza, mimi nikayafuata. Nimetengeneza vitanda, makabati, madawati na majeneza, lakini vijana wakija kunisalimia wanauliza kitu kimoja tu: vile vigeti vya ngazini vya kuzuia watoto wasiporomoke. Zamani nani alikuwa na ngazi huku kwetu? Nyumba zilikuwa za chini, ukianguka umeangukia mkeka. Kisha korosho zikawapa watu akili ya ghorofa, duka chini, familia juu. Watoto nao wakaendelea kuzaliwa vilevile, hawana habari kwamba baba amejenga ghorofa.

Na mimi mtu wa Newala ndiye niliyepaswa kulijua jambo hili kuliko wote. Kwetu ardhi imenyooka kama meza, halafu ghafla inakwisha, unaona bonde kule chini. Mama akienda kuteka maji bondeni aliniacha kwa bibi, na bibi alinifunga pembe ya kanga kiunoni, pembe nyingine kaikalia yeye anabangua korosho. Nimefungwa kama mbuzi, jamani! Nilipiga kelele mpaka sauti ikakauka, bibi anaendelea na korosho zake. Ndiyo maana leo nipo nakusimulieni.

Basi ngojeni niwaambie ya Mama Shaibu, maana karibu kila ninachokijua kuhusu vigeti nilijifunza kwenye ngazi zake, na nilijifunza kwa aibu.

Mama Shaibu ni Myao, na mimi Mmakonde, kwa hiyo ni watani. Katika miaka yote niliyomfahamu hakuwahi kuingia kwenye karakana yangu bila kunichokoza. Ataanza kutoka barabarani: "Kuna fundi humu, au kuna Mmakonde tu?" Siku ile aliingia amenyamaza, akajibu shikamoo yangu kwa sauti ndogo, akakaa juu ya gogo la mninga. Nikajua kuna msiba.

"Nasma ameanguka ngazini," akasema.

Nasma alikuwa mjukuu wake, binti wa Shaibu, mwaka mmoja na miezi miwili. Mama wa mtoto alikuwa chuo cha ualimu Mtwara, Shaibu anashinda dukani chini, mtoto analelewa na bibi yake juu ghorofani.

"Nilikuwa nasonga ugali, fundi. Kugeuka tu, nasikia kishindo. Ngazi nne! Nyusi imepasuka, ameshonwa. Mungu mkubwa, hakuvunjika. Lakini Shaibu amesema basi. Anampeleka kwa bibi yake mwingine Chiungutwa, kwenye nyumba ya chini. Amesema goti langu halimwezi mtoto tena." Akafuta macho kwa ncha ya mtandio. "Na hajasema uongo, goti hili kweli limekufa. Lakini mtoto akiondoka mle ndani mimi nabaki na nani, fundi? Nabaki na redio?"

Nikamwambia asiondoke kwangu analia. Nikamwambia nitamwekea kigeti ambacho Shaibu akikiona atasahau njia ya Chiungutwa. Yeye akaenda kumbembeleza mwanawe, na Shaibu akakubali kusubiri aone.

Hapo ndipo ujinga wangu ulipoanza. Unajua sisi Wamakonde, mkono ukiona ubao mtupu unawasha. Nilipima upana wa ngazi, nikapata mbao tatu nzuri za mninga, nikazilaza moja juu ya nyingine kati ya nguzo mbili, na kwenye kila ubao nikachonga kobe. Kobe watatu waliotokeza, migongo ya mviringo, unaweza kuhesabu magamba. Nilipiga msasa mpaka ukipitisha shavu hukwaruzwi. Nilipokipeleka Jumatatu asubuhi, majirani walipanda kukitazama. "Hiki si cha kuzuia mtoto, hiki ni cha kuozeshea binti!" akasema mmoja. Mgema akisifiwa tembo hulitia maji, nanyi mnajua. Nikakifunga, nikajipangusa vumbi, nikakaribishwa chai na mandazi.

Nilikuwa na andazi la pili mdomoni. Mama Shaibu ananimiminia chai, uso umekunjuka, utani umeanza kurudi. Nasma alitambaa hadi kwenye kigeti, akasimama, akamtazama kobe wa chini, akampiga piga mgongoni. Tukacheka, tukasema anampenda. Kisha akaweka mguu juu ya mgongo wa kobe wa kwanza. Akaweka mguu wa pili juu ya kobe wa pili. Mimi bado nacheka! Akamshika kobe wa tatu kichwani, akajivuta, tumbo likalala juu ya kigeti, kichwa kikaning'inia upande wa ngazi.

Sijui nilifikaje. Kikombe nilikirusha, chai ikanimwagikia pajani, nikamdaka kwa gauni. Na nilipoinua macho, Shaibu amesimama katikati ya ngazi anapanda, ameona yote.

Hakupayuka. Afadhali angepayuka. Alimchukua mwanawe mkononi mwangu, akasema, "Fundi Bakari, umemjengea mwanangu ngazi juu ya ngazi." Kisha akamgeukia mama yake. "Mama, Ijumaa tukitoka msikitini nampeleka Chiungutwa. Tumeshajaribu."

Mama Shaibu alikuwa chini anaokota vipande vya kikombe, anaviweka kwenye upande wa kanga kimoja kimoja.

Vijana, aibu inaweza kumpeleka fundi kwenye pombe au kwa mwalimu wake. Mimi situmii pombe. Nikaenda kwa Mzee Lukas, aliyenifundisha kazi kwenye karakana ya misheni nikiwa kijana. Wakati huo macho yake yalikuwa yamefifia, lakini ukimpa ubao anaupapasa, anakwambia ni mti gani na ulikatwa ukiwa mbichi au mkavu. Alikuwa mkali, mnusa ugoro, na hakunisamehe kosa hata moja toka tulipojuana. Nilipomweleza habari ya kobe alicheka mpaka ugoro ukampalia, nikawa nampiga mgongo mzee wa watu.

Alipopata pumzi akauliza, "Ulimpima nani?"

"Nilipima ngazi, mzee."

"Ngazi haianguki. Anayeanguka ulimpima?"

Nikavua kofia, nikaishika mkononi.

"Nenda ukatambae," akasema. "Ukimaliza ndipo uje uniambie wewe ni fundi."

Jumanne nikaenda kutambaa. Mtu mzima, kofia ya kiua kichwani, natambaa sebuleni kwa watu, Nasma pembeni yangu anafurahi, anadhani amepata mwenzake. Mama Shaibu aliniangalia bila kucheka hata kidogo, hivyo nikajua ameumia kiasi gani. Lakini kule chini, jamani, nyumba ni nyingine. Kila kitu kilicholala ni kidato cha kupandia. Kila uwazi ni mlango. Kichwa kinataka kufuata mkono, na mkono unataka kufika kule ambako kuna sauti ya watu, yaani chini, dukani. Mtoto hatoroki. Anafuata watu.

Kwa hiyo cha pili nilikitengeneza nikiwa nimepiga magoti akilini. Shikeni haya. Fito ziwe za wima tu, katikati kusiwe na ubao wa kulala hata mmoja wa kuweka mguu. Nafasi kati ya ufito na ufito pima kwa chupa ya soda: ikipita kirahisi, ni pana mno, mtoto ataingiza kiwiliwili na kichwa kitakwama. Chini kisiachane mno na sakafu, acha vidole viwili tu. Juu kimfike mtoto puani akisimama, maana anakua huku wewe unapiga vanishi. Kigeti cha juu ya ngazi kifunguke kuelekea ndani, kisifunguke kuelekea kwenye ngazi kamwe, kwa sababu mtoto akikiegemea komeo likiwa halijakaa vizuri, kitaondoka naye. Na pale sakafuni usiweke kizingiti. Mama anayepita na ndoo ya maji kichwani haoni kizingiti.

Halafu ukuta. Msiamini plasta. Plasta ni poda tu usoni. Kabla ya mambo ya Mama Shaibu niliwahi kufunga kigeti kwa mwalimu mmoja Newala, nikapiga skrubu fupi nikaondoka kifua mbele. Wiki ile ile mtoto alikivuta, kikang'oka na plasta yote, akaangukia ndani juu ya mto. Bahati ya mtoto, si ufundi wangu. Toboa mpaka kwenye tofali lenyewe, tia plagi, funga kwanza nguzo ya mbao ukutani kwa skrubu ndefu, ndipo bawaba zikae kwenye nguzo. Juzi kijana mmoja amenitumia picha ya kigeti cha dukani, kile cha kubana ukuta kwa skrubu za kuzungusha pande mbili bila kutoboa. Anauliza, babu, kinafaa? Kwenye mlango wa jiko kinafaa sana. Chini ya ngazi kinafaa. Juu ya ngazi, ng'o! Kinachobana leo kesho kinalegea, na tena kina chuma pale chini cha kukukwaza.

Na komeo. Mafundi wengi wanapenda komeo gumu, wanadhani ugumu ndio usalama. Kigeti kigumu kufungua kitaachwa wazi, niaminini. Nilimwita Mama Shaibu, nikamwambia ambebe Nasma kiunoni, afungue kwa mkono mmoja. Akashindwa. Nikalilegeza. Akashindwa. Nikalihamisha upande wa nje, karibu na juu, ambapo mkono wa mtu mzima unafika na wa mtoto haufiki. Akafungua. Akafunga. Akafungua tena. "Afadhali," akasema. Ndilo neno la kwanza alilonipa siku mbili zile.

Jumatano nikakifunga. Nasma akakishika kama mfungwa, akakitikisa, akalia kwa hasira, akachoka, akaketi. Nikarudi nyumbani nikala vizuri.

Sasa sikilizeni kosa ambalo hakuna kitabu kitakachowaambieni, kwa sababu walioandika vitabu hawavui ndala mlangoni.

Alhamisi alasiri wanawake wa mtaani walikuja kumpa Mama Shaibu pole ya mtoto kuanguka. Kwetu mtoto akishonwa hata nyuzi mbili watu lazima waje. Walipanda ngazi, na kila mmoja alipofika juu alivua ndala, kama ilivyo heshima, akaziacha palepale mbele ya kigeti, akaingia. Ndala jozi kumi na mbili mahali pasipotosha jozi mbili. Zikasukumana, nyingine zikaingia ndani ya mlango. Wa mwisho akakirudisha kigeti nyuma yake, kikagota kwenye ndala, akadhani kimefunga. Akaenda kukaa na wenzake.

Mimi nilikuwa nakuja kutia mafuta bawaba. Nikapita dukani, nikamwamkia Shaibu kwa mbali, nikaanza kupanda. Nikainua macho. Nasma ameketi kwenye ngazi ya pili kutoka juu, peke yake, miguu inaning'inia, anatafuna ndala ya mtu.

Nilisimama. Sikupiga kelele, nanyi msije mkapiga: mtoto aliye ngazini ukimshtua anageuka, akigeuka anaanguka. Nikamwita polepole kama mtu anayeita kuku, "Nasma... Nasma mama... unakula nini?" huku napanda ngazi moja, napumua, napanda nyingine. Akanichekea na ndala yake mdomoni. Nilipompata nikamkumbatia, nikakaa naye hapo hapo.

Mama Shaibu alitokea kumtafuta. Akatuona, akaona kigeti, akaona ndala. Hakuhitaji kuelezwa. Akajikalisha chini upande wa ndani, mkono kifuani, nyuma yake wageni wanaendelea na maongezi yao ya mbaazi.

"Shaibu ameona?" akaninong'oneza.

"Hajaona."

"Asijue. Fundi Bakari, nakuomba kwa Mungu. Kesho ni Ijumaa. Wewe ni mtani wangu, nizike na siri hii."

Nawaambieni kweli, nilitaka kunyamaza. Nani aliyeona? Ningeweza kuzirundika ndala pembeni, nikamwambia achunge, na Ijumaa ingepita. Lakini nilikuwa bado nausikia moyo wa yule mtoto ukidunda kwenye kifua changu, tap tap tap, hana habari. Nikamkabidhi kwa bibi yake, nikafunga kigeti kwa mkono wangu, nikashuka dukani. Nilisikia Mama Shaibu nyuma yangu akisema, "Umeniuza."

Nikamweleza Shaibu yote. Akawa anakunja mfuko wa karatasi, anaukunjua, anaukunja.

"Kosa la nani?" akauliza.

"Langu. Nilitambaa nyumba nzima siku ambayo hamna wageni. Nilimpima mtoto, sikupima ndala. Mama yako hakukosea kitu, alikuwa anapokea watu waliokuja kukupa pole wewe. Nipe mpaka mtoke msikitini kesho. Nikishindwa, nitalibeba begi la mtoto mimi mwenyewe mpaka stendi."

Akauweka mfuko chini. "Mpaka tukitoka msikitini," akasema.

Mambo mawili yalihitajika. La kwanza, ndala zivuliwe chini. Nilipomwambia Mama Shaibu alikuwa bado amenikasirikia, akaniwakia: "Wageni wangu wavue viatu chini mlangoni mwa duka, wapande peku kama wanaenda jela? Watasema Mama Shaibu tangu akae ghorofani ana maringo!" Na alikuwa na haki. Huwezi kumwondolea mtu adabu yake ukamwachia tangazo la "viatu hapa". Lazima umpe mahali pa heshima. Nikaenda karakanani, nikachukua wale kobe wangu watatu walioniaibisha, nikawageuza kuwa rafu ya viatu, kila kobe usoni mwa ubao wake. Ijumaa asubuhi nikaiweka chini ya ngazi, ndani ya mlango ambako mpita njia hafiki. Mgeni wa kwanza, mama mmoja muuza vitumbua, alisimama akaitazama, akauliza, "Naweza kuweka za kwangu hapa kwa kobe wa juu?" Nikasema moyoni, kazi itafanikiwa leo.

La pili ni hila ndogo ambayo Mzee Lukas alinionyesha zamani kwenye mlango wa kanisa. Bawaba ya chini usiipange sawasawa chini ya ya juu. Itokeze nje kidogo, upana wa kidole. Mlango unakuwa umeegama kidogo sana, jicho halioni, lakini ukiuachia unarudi wenyewe. Nikazing'oa bawaba zote nikazipanga upya, nikikitazama kwa timazi kwa mara ya kwanza maishani ili kitu kisinyooke.

Wakatoka msikitini. Shaibu akapanda ngazi, kanzu nyeupe, ndala ameziacha chini, nami nikaliona hilo nikanyamaza. Begi la mtoto lilikuwa tayari karibu na mlango, limefungwa tangu asubuhi. Mama Shaibu alikuwa amelipanga mwenyewe, hata kopo la uji ameliweka. Alisimama karibu na dirisha, hakutaka kutazama.

Shaibu alikifungua kigeti wazi kabisa, akakiachia. Kikarudi polepole, ta! Akakifungua nusu. Ta! Akampakata Nasma upande mmoja, akafungua kwa mkono mwingine, akapita, kikajifunga nyuma yake. Ta! Kisha akamweka mtoto ndani, yeye akabaki nje, akashuka ngazi tatu, akamwita. Mtihani wa kikatili, lakini ni baba, alikuwa na haki nao. Nasma akaja mbio kwa magoti. Akasimama. Akatafuta kobe wa kukanyaga, hayupo. Akaingiza mkono, akaingiza bega, kichwa kikakataa. Akakivuta, akakisukuma, akalia mpaka kamasi. Shaibu akazidi kumwita. Mwishowe mtoto akakaa chini, akamgeukia bibi yake kule dirishani, akamnyooshea mikono abebwe.

Mama Shaibu akavuka chumba na goti lake lile, akambeba.

Shaibu akaingia. Akaliokota begi. Nikasema moyoni, basi, tumeshindwa, njoo unipe nilibebe. Akasimama nalo katikati ya chumba, akasema, "Mama, nguo hizi za mtoto huwa unaziweka wapi?"

Mama Shaibu alilia, na mimi nikalia, Mmakonde mzima. Kisha akajifuta kwa gauni la mtoto, akaniangalia, na utani wake ukarudi: "Nyie Wamakonde, kuchonga hamjambo. Ila kufikiri, mpaka mtambae!"

Baada ya hapo nimefunga vigeti Masasi, Newala, hata Mnyambe kwa mtu aliyejenga nyumba ya ngazi sita tu za kupandia barazani, akaitwa mwoga. Kila pahali nilitambaa, na kila pahali niliuliza: wageni wanavua wapi? Kuna wanaosema mtoto akililia wembe mpe. Methali hiyo aliitunga mtu asiye na ngazi.

Nimesema nimestaafu, lakini mwaka huu nimefanya kazi moja. Nilikuwa nimekaa kibarazani kwangu, akaja msichana mrefu amevaa ushungi, akapiga goti kidogo. "Shikamoo babu."

"Marahaba. Wewe wa nani, mwanangu?"

Aliinua tu ushungi kidogo. Nyusi ya kushoto ina mstari usioota nywele. Nikasimama bila kukumbuka magoti.

"Bibi hayuko sawa siku hizi," Nasma akasema. "Anasahau. Alfajiri anaamka anasema anachelewa shamba, anakwenda kwenye ngazi. Mara mbili nimemkuta ameshashuka ngazi moja, anayumba. Baba na baba wadogo wamekaa kikao. Wanasema apelekwe Mnyambe kwa ndugu, kwenye nyumba ya chini. Akisikia analia, anashika mlango." Akakaa ukingoni mwa kibaraza. "Babu, kile kigeti kipo. Nilikiweka stoo."

Nikachukua mfuko wangu wa vifaa, nikaenda kukirudisha juu ya ngazi. Komeo niliongeza la pili, kule chini upande wa nje, ambako bibi hatazami, kwa sababu la juu mkono wake bado unalikumbuka. Nikafunga njuga ya ngoma kwenye fremu, kikiguswa Nasma asikie. Nikamwambia pia, kigeti si mlezi, lazima awepo mtu siku zote, na yeye akasema yupo. Urefu haukutosha mtu mzima. Rafu ya viatu ilikuwa bado pale chini, imechakaa kwa ndala za miaka ishirini. Nikamng'oa kobe wa juu, nikampandisha, nikamfunga juu ya fito. Mtoto angempanda. Bibi hampandi.

Mama Shaibu alikuwa amekaa mkekani ananitazama nikiwa nimepiga magoti. Nilimpa shikamoo, akanijibu marahaba kama unavyomjibu mtu wa njiani. Hakunijua. Nilimaliza, nikajikongoja kuinuka nimeshika ukuta, na yeye akainuka, akaja, akaupitisha mkono juu ya mgongo wa kobe, taratibu, gamba kwa gamba.

"Wamakonde hawa," akasema. "Mpaka watambae."

Akashika komeo la juu, akalisukuma likakaa, akalijaribu mara mbili. Kisha akaketi palepale mbele ya kigeti, mgongo umeegemea fito, miguu ameinyoosha kuziba njia, akamgeukia Nasma kwa ukali wa zamani.

"Mtoto yuko ndani?"

"Yuko ndani, bibi," Nasma akasema, akaketi karibu naye, akaweka kichwa begani kwake. "Haendi popote."